Tunayoambiwa kuhusu gharama za mtoto mdogo Mombasa, na ukweli wake

"Mombasa ni joto, mtoto lazima apewe maji." Haya nilianza kuyasikia kabla arubaini yangu haijaisha, tena kwa watu wanaonipenda, huku Likoni. Nayaanza kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi huanza kuvuja.

Ukweli ni kwamba maziwa ya mama, kwa takriban asilimia 88, ni maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, hata kwenye joto letu hili. Akisikia kiu, atanyonya mara nyingi zaidi. Ukimpa maji, tumbo lake dogo linajaa, ananyonya kidogo, na titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Maziwa yanapungua, mtoto analia, na sasa unaambiwa, "Mwanangu, huna maziwa, mtafutie kopo."

Hesabu ya kopo la maziwa ya unga ya watoto ni hii. Gramu 400 hutoa takriban lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 5 huhitaji kama mililita 750 kwa siku. Kopo ni la siku 4, basi. Kwa mwezi ni makopo 7 au 8, pamoja na maji safi na moto wa kuyachemsha kila mara. Yuko mama ambaye kweli hawezi kunyonyesha, na huyo asilaumiwe na yeyote. Ila asijaribu kuongeza maji ili kopo lisogee siku mbili zaidi. Mtoto atashiba maji na kukonda, na gharama ya hospitali si ya kulinganisha na bei ya kopo.

"Kununua kidogo kidogo ndiko kubana matumizi."

Chukulia nepi ya kutupa moja dukani ni shilingi 25 na mtoto anatumia 5 kwa siku. Hizo ni 125 kwa siku, 3,750 kwa mwezi, nawe hukuona zikitoka kwa kuwa zilitoka sarafu kwa sarafu. Ukinunua pakiti nzima, bei ya nepi moja hushuka. Ukimvalisha za kitambaa mchana na ya kutupa usiku tu, mwezi unaisha kwa 750.

Lakini nepi za kitambaa zina sharti lake: maji. Kama unauziwa madumu ya mkokoteni, piga hesabu ya kufulia kabla hujafurahi. Na maji ya kisima cha chumvi hayatoi povu, utamaliza mche wa sabuni bila nepi kutakata. Mimi hukinga maji ya mvua msimu wa masika, na miezi mingine hufua mara moja kwa siku, zote pamoja. Pia si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Kwa unyevu wa hapa, unga wa mwezi mzima huingia wadudu, na nyanya za kreti huoza kabla hujazipika.

Hapo ndipo inapokuja dhana kwamba soko la Kongowea, ng'ambo ya feri, daima ni rahisi kuliko genge la jirani. Feri haimtozi nauli anayevuka kwa miguu, sawa, lakini bado kuna matatu ya kwenda na kurudi, na mtoto mgongoni. Ukienda kununua mafungu matatu ya mchicha umepata hasara. Faida iko kwenye viazi, vitunguu na nazi, vitu vinavyokaa, tena mkiwa wawili au watatu mkagawana gunia. Mboga za majani niachie mama wa genge.

"Uji wa nafaka nyingi ndio lishe bora." Huu unga wa mchanganyiko, mtama, wimbi, mahindi, soya, njugu, umekuwa kama lazima, na bei yake si mchezo. Mtoto anapotimiza miezi 6 anaweza kuanza kula kile mnachokula nyumbani, kikiwa kimepondwa na bila chumvi wala pilipili. Mbaazi zilizoiva vizuri, yai, dagaa waliosagwa, mchicha, viazi vitamu, embe, na titi likiendelea. Uji wa nafaka moja ulioongezwa maziwa unatosha. Njugu na mahindi visipokauka vizuri hushika kuvu, na kuvu hiyo huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ukisaga, saga kidogo, kwa nafaka uliyoichagua kwa mkono wako. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewaona akina mama wakijinyima chakula chao wenyewe ili wanunue unga huo.

"Zahanati ya serikali ni ya wasio na uwezo." La. Chanjo za ratiba ya taifa, zile za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na 18, hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kitabu cha kliniki usikipoteze.

Limebaki la akika, yaani kumchinjia mtoto aliyezaliwa. Wengi huamini lazima kuwe na hema, viti vya kukodi na pilau la mtaa mzima, na wengine hukopa ili wasisemwe. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi hapa Pwani, akika ni sunna iliyosisitizwa, si faradhi, na asiye na uwezo hana dhambi. Ni mbuzi mmoja kwa mtoto wa kike na wawili kwa wa kiume. Hema halimo. Wetu ni wa kike. Tulichinja mbuzi mmoja siku ya saba, mama mkwe akapika nusu, nusu tukawagawia majirani kwenye mabakuli, na zile pesa za hema zikalipa kodi ya nyumba ya miezi miwili.