Kufunga na imani: yanayosemwa mtaani na yaliyoandikwa

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, na maneno yale yale yakarudi, kwa Waislamu na kwa Wakristo.

"Mungu anaangalia moyo, funga ni mambo ya nje tu." Wasemao hivi hupenda kumtaja Isaya. Kweli, sura ya 58 inawakemea waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Lakini nabii hakuifuta funga. Alitaka waonewao waachwe huru na mwenye njaa agawiwe chakula. Yesu naye, katika Mathayo 6, alikataza kujionyesha, kisha akaeleza namna ya kufunga: jipake mafuta kichwani, unawe uso.

"Ukishinda na njaa mpaka magharibi, umefunga." Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari inajibu: asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Muuza duka anayepunja mizani alasiri akisubiri futari anahusika.

"Asiyefunga hana imani." Hii ndiyo inayoniuma. Bibi mwenye kisukari anakunywa uji jikoni, mlango kaufunga, kikombe kakificha nyuma ya ndoo, wajukuu wasije wakamwita kobe, yaani mla mchana wa Ramadhani. Msichana aliye katika siku zake anajifanya amefunga mbele ya kaka zake, hata maji hanywi. Na sheria yenyewe ilishawatazama! Sura ya Al-Baqara katika Kurani, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, walipe siku nyingine. Asiyeweza kabisa hutoa fidia ya kumlisha maskini. Mwenye hedhi hafungi, atalipa baadaye. Kwa Wakatoliki, siku za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa halazimiki. Bibi yule anatii dini yake akiwa na kikombe mkononi. Mwacheni anywe uji wake sebuleni.

"Mimi ni mtu wa kiroho, ratiba za dini hazinihusu." Huenda anaomba kwa dhati, hakuna binadamu wa kulipima hilo. Ila ratiba hizo zina watu wanaozitegemea. Zaka ya Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila aliye nyumbani, hutolewa kabla ya swala ya Idi ili maskini naye apike siku hiyo.