Kabla Hujalipia Picha ya Katuni, Omba Uone Nyuma

Wengi wanaotuletea picha za katuni walizonunua mtandaoni hutanguliza cheti. Sisi cheti tunakiweka kando. Aliyeweza kughushi mchoro hashindwi na karatasi yenye muhuri wa dhahabu.

Anza na mwaka. Seli, yaani ile plastiki angavu iliyopakwa rangi kwa mkono na kupigwa picha na kamera, ilifika mwisho wake. Kwa filamu ndefu za Disney, ya mwisho kutegemea seli ilikuwa The Little Mermaid (1989). Mwaka uliofuata The Rescuers Down Under ilitiwa rangi kwa kompyuta. Sasa mtu akikuuzia seli “iliyotumika” kwenye The Lion King ya 1994, ameshajifunga mwenyewe. Seli za filamu hiyo zipo, ila zilitengenezwa baadaye ili ziuzwe. Si feki, lakini hazikupita mbele ya kamera, na bei yake isijifanye zilipita. Kwa Japani usitumie kipimo hicho: Sazae-san, mfululizo wa katuni wa televisheni wa huko, iliendelea na seli hadi 2013.

Kisha omba picha ya upande wa nyuma, mwanga ukitokea ubavuni. Hapa ndipo penye habari. Mistari hukaa mbele, rangi hupakwa nyuma, kwa hiyo nyuma pawe pachafu kidogo: rangi nene, kingo zimepandana, brashi imeacha njia zake. Pakiwa tambarare na safi mno, huenda ni nakala iliyochapwa kwa skrini, yaani wavu wa kupitishia rangi. Ukikuza picha ukaona vitone vidogo vilivyojipanga, hiyo ni chapa ya mashine tu.

Tazama na mistari yenyewe. Disney iliichora kwa wino na mkono hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha ikahamia kwenye fotokopi. Ndiyo maana mistari ya One Hundred and One Dalmatians (1961) inakwaruza kama penseli. Seli ya Snow White (1937) yenye mistari ya namna hiyo irudishe.

Matundu ya kushikia seli na namba za pembeni ni dalili nzuri, ila kukosekana kwake kusikutishe. Courvoisier Galleries ya San Francisco, iliyoanza kuuza seli za Disney mwaka 1938, ilizikata nyingi kufuata umbo la mhusika.

Kisingizio cha kawaida cha kutoonyesha nyuma ni kwamba picha imeshafungwa kwenye fremu. Fundi wa fremu huifungua na kuifunga tena bila shida. Muuzaji na aigharamie kazi hiyo.