Mbona mwalimu ana kwilti nyingi ambazo hazijaisha?

Nashona na kufundisha kwilti, yaani yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio bei wala nimejifunzia wapi, ni hili: mwalimu, mbona hizi hujamaliza? Wanamaanisha shelfu iliyopo nyuma ya cherehani, imejaa yale mabegi ya zipu yanayokuja na mashuka mapya, na kila begi lina kwilti iliyoishia njiani. Nyingine vipande vimekatwa tu, nyingine imeungwa mistari miwili, nyingine ishawekwa pamba lakini pembeni haijafungwa. Mama mkwe wangu alishasema mbele ya wageni kwamba mimi ni fundi wa kuanza. Nilicheka tu, maana shelfu hiyo ndio inayonilisha.

Kwilti iliyoisha haimfundishi mgeni kitu. Si unajua ilivyo: juu vipande, katikati pamba au blanketi jepesi, chini mgongo, halafu unashona matabaka yote matatu yashikane, sasa ikishafika hapo mishono yote imejificha, mwanafunzi anaona uzuri tu na anabaki kusema mimi siwezi. Ndio maana kila mtindo ninaofundisha nashona sampuli kadhaa kwa wakati mmoja na kila moja naiacha kwenye hatua yake: hii imekatwa, hii imeungwa haijapigwa pasi, hii imepigwa pasi, na hii imepigwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, pamoja na mgongo wake tayari kushonwa. Darasani nazipitisha mkononi, wageuze, waangalie nyuma. Nyuma ndio kwenye somo. Halafu darasa likiisha narudisha kwenye begi, na naandika kwenye kikaratasi mtindo gani, sindano namba ngapi, na kitambaa kilitoka wapi, kwa sababu hilo darasa litarudi tu, kuna siku kikundi cha kina mama kitasema tunataka kile cha mwaka juzi.

Hapo ndipo maisha yangu yanapokuwa na vurugu kidogo. Nina oda za watu ambazo lazima ziishe, nina sampuli ambazo hazitakiwi ziishe, na nina wanafunzi wa zamani ambao kwilti zao hazijaisha na wangependa niwamalizie mimi. Asubuhi mapema ni oda, kabla jua halijawa kali na kabla mtaa haujaamka, nikiwa na kazi kubwa ya kitanda sipokei simu kabisa. Mchana Dar kwenye joto hili kushikilia kwilti mapajani huwezi, kwa hiyo mchana nakata, napanga rangi sakafuni, najibu WhatsApp. Jioni sampuli. Jumamosi darasa. Umeme ukikatika hainisumbui sana kwa upande wa kushona, cherehani yangu ya miguu haijui umeme, pasi ndio shida, na pasi ya mkaa na kitambaa cheupe wote tunajua zinavyoelewana.

Watu wananiuliza Dar nani anajifunika kwilti? Kwa kweli wachache. Kubwa zinaenda Njombe, Makete, Lushoto, Arusha, kule Juni na Julai mtu anakushukuru. Za hapa mjini katikati siweki pamba, naweka shuka la flaneli la mtumba, linatosha, linakauka haraka ukifua, na sindano inapita bila kugomba. Mgongo pia mara nyingi ni shuka la mtumba, la pamba, ukipata la kitanda kikubwa pale soko la mtumba la Karume huna haja ya kuunga katikati.

Sasa turudi kwenye WhatsApp, maana huko ndio nusu ya kazi ya mwalimu ilipo na hakuna anayeilipia. Picha zinazokuja ni zile zile. Mwalimu, pembe hazikutani. Mwalimu, imejaa mawimbi. Mwalimu, mstari huu mfupi kuliko huu na nilikata sawa. Pembe na mistari mifupi jibu ni karibu lile lile, robo inchi. Kwenye kwilti mshono unakaa robo inchi kutoka ukingoni, basi, sio "karibu na robo". Chukua mstari wa miraba 8 ya inchi 2 na nusu, hapo kuna mishono 7. Ukishona kwa robo inchi kamili mstari unatoka inchi 16 na nusu. Ukizidisha nusu ya robo tu, kitu ambacho jicho halikioni, kila mshono unakula robo inchi ya ziada maana unakula pande mbili, mara 7, mstari wako unatoka inchi 14 na robo tatu. Inchi moja na robo tatu imepotea na wewe unalaumu mkasi!

Dawa yake rahisi. Usiamini mguu wa cherehani, hizi Singer na Butterfly za zamani miguu yake haifanani. Weka tepu ya kupimia chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu mpaka ncha ya sindano iguse alama ya robo, mwanzo wa tepu ukiwa upande wa kulia wa sindano, halafu pale ulipo huo mwanzo bandika plasta ya kidonda kwenye bati la cherehani, vipande viwili vitatu juu ya kingine mpaka iwe na kaukuta. Kitambaa kinatembea kikiwa kimegusa hako kaukuta. Nimefundisha mabinti ambao hawajawahi kugusa cherehani wakashona robo safi siku hiyo hiyo, na nimefundisha mafundi wa nguo wazoefu wakanitoa jasho, kwa sababu fundi wa nguo mkono wake umezoea kuacha nusu inchi au zaidi ili mteja akinenepa afumue. Kwilti hainenepi jamani.

Mawimbi nayo yanatoka kwenye pasi. Tumezoea kupitisha pasi, mbele nyuma mbele nyuma kama shati la shule, na kipande kilichokatwa hanamu, yaani mshazari, kikipitishiwa hivyo kinavutika na hakirudi. Unaweka pasi, unabonyeza, unanyanyua, unahamia pembeni. Na mishono ya mstari wa kwanza ilale kulia, ya mstari wa pili ilale kushoto, ukija kuunga mistari hiyo miwili utasikia kwa kidole zinaingiana, pembe inajipanga yenyewe. Hiki kitu kwa maneno hakieleweki, ndio maana kuna begi kwenye shelfu lenye mistari miwili tu ambayo haitaungwa milele, kazi yake ni watu kuipapasa pale.

Vitambaa. Wengi tunatumia mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi, wanatupa magunia kwa magunia, lakini gunia moja lina pamba na polyester zimechanganyika na kwa macho zinafanana. Kata kauzi kadogo choma na kiberiti, juu ya sahani tafadhali. Pamba inanuka kama karatasi na inaacha majivu laini yanayosagika, polyester inayeyuka, inanuka plastiki na inaacha kapunje kagumu. Usichanganye kwenye kwilti moja, pasi inayonyoosha pamba ndio hiyo hiyo inayokunja polyester. Khanga mpya fua kwanza kabla ya kukata, itoke dawa na imalize kusinyaa, na nyekundu ipime: lowesha kona, bonyeza na kitambaa cheupe, ikiacha alama usiiweke karibu na nyeupe hata kama rangi zinapendana vipi.

Youtube nzuri, siikatazi, ila wale wanakata kwa kisu cha gurudumu na mkeka wake na rula ya plastiki inayoonyesha chini, vitu ambavyo kuvipata hapa si rahisi. Sisi tunakata kwa mkasi na kielelezo, kile kipande kigumu unachozungushia chaki. Usitumie boksi la biskuti, pembe zinalika kila ukipitisha chaki, mraba wa hamsini hautalingana na wa kwanza. Tumia filamu ya eksirei ya zamani, inaonyesha maua ya kitenge chini yake na hailiki. Na kata ndani ya mstari wa chaki, chaki ya fundi ina unene wake.

Darasa likikata tamaa natoa simu nawaonyesha kwilti za akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto kule Alabama, Marekani, vizazi vya watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba pale pale. Walishona kwa jinzi za shamba zilizochakaa na mashati ya kazi, wapate joto usiku, basi, na mwaka 2002 kwilti hizo hizo zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston halafu Whitney, New York, na 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Kuna mtindo wao wanauita paa la nyumba, unaanza na mraba katikati unauzungushia vipande virefu mpaka uchoke, na huo ndio ninaoanza nao kwa wanafunzi wapya maana unakubali mabaki ya upana wowote. Lazima tu kuna mjanja mmoja atasema, basi mwalimu hata yangu iliyopinda ni ya Gee's Bend. Hapana mwanangu. Zile unaona macho ya mtu yalichagua, ya kwako ni mshono umekimbia.

Nauza oda, siuzi sampuli, hata ukipenda kiasi gani. Juzi dada mmoja alitaka ile ya bluu ambayo haijafungwa pembeni, akasema nimfungie tu hapo hapo anasubiri. Kufunga ni kazi ya jioni moja, kweli, lakini kile kitenge hakichapishwi tena na lile begi lina darasa la mwezi ujao.

Kwa wanafunzi wa zamani mnaosoma hapa: ukinitumia picha ya kwilti iliyokugomea, piga ya mbele na ya nyuma, tandaza mezani usiishike mkononi, na laza tepu juu ya mshono mmoja nione namba. Ukituma ya mbele tu nitakuomba ya nyuma, tutapoteza siku bure. Ninajibu mchana.