Maswali na Majibu: Mkate Wako Utiwe Nini Kwenye Duka la Sandwichi?

Watu wa Mombasa hawakungoja duka la sandwichi ndipo waujue mkate wenye kitu ndani. Mkate wa nyama wenye kima na mayai, mkate wa boflo uliopasuliwa ukatiwa viazi na chatini ya ukwaju, mishkaki iliyokunjwa ndani ya chapati, vyote hivyo ni vya siku nyingi. Kilicho kipya ni kule kusimama mbele ya kioo, vibakuli vyote vikiwa vimepangwa, na muuzaji kuuliza kimoja baada ya kimoja, “Hiki nikutilie?” Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na maswali haya ni yale ninayoulizwa mara kwa mara na watu wanaokula chakula cha mchana mjini au Nyali na ambao wanataka kujua wamjibu nini muuzaji huyo.

Swali: Daktari ameniambia nina shinikizo la damu na nipunguze chumvi. Mbona kwenye sandwichi siioni chumvi yenyewe?

Jibu: Huioni kwa sababu imekwisha kuingia kabla mkate haujafika mkononi mwako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hesabu hiyo ni ya siku nzima, pamoja na mchuzi wa nyumbani. Mkate wenyewe una chumvi ingawa ulimi hauitambui, na gramu 100 za mkate zinaweza kubeba gramu moja hivi. Tia gramu 50 za salami, ambazo zinaweza kuwa na gramu 2, kisha kipande cha jibini ya kusindikwa, zeituni chache na matango ya siki, halafu malizia kwa sosi ya soya, ambayo kijiko chake kimoja cha chakula kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na utakuwa umeupita mpaka wa siku nzima kwa mlo mmoja wa mchana.

Ninachowaomba wenye shinikizo la damu ni kuchagua kitu kimoja tu chenye chumvi nyingi. Ukitaka jibini, acha zeituni; ukitaka zeituni, acha jibini na sosi ya soya. Ladha iliyobaki itafute kwenye ndimu, pilipili mbichi, kitunguu na kotmiri, kwani hivyo vyote huuchangamsha mkate bila kukugharimu chochote. Achari ya embe, ambayo sisi wa pwani tunaipenda sana, imo katika kundi la vyenye chumvi nyingi hata ikiwa imetengenezwa nyumbani kwa mikono ya bibi. Mwahi pia muuzaji anaponyoosha mkono kuchukua kichupa cha chumvi mwishoni, kwa kuwa wengi hunyunyiza kwa mazoea bila kuuliza.

Swali: Je, mayonezi ni mbaya kiasi tunachoambiwa?

Jibu: Ubaya wake uko kwenye kipimo. Kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi ya kawaida kina kalori 90 hadi 100, na karibu zote zinatokana na mafuta. Sasa mtazame muuzaji anavyofanya: huibinya chupa akachora mstari wa kwenda, wa kurudi, kisha wa kwenda tena, na anapoinua mkono mkate umekwisha kubeba vijiko viwili au zaidi. Kalori hizo zinakaribia 200, sawa na mayai mawili na nusu ya kuchemsha, lakini mayai yangekupa protini ya gramu 15 hivi na yangekushibisha, ilhali mayonezi hupita kinywani tumbo lisijue kuwa kuna kilichoingia. Sema mapema, kabla chupa haijainuliwa, kwamba unataka mstari mmoja tu.

Parachichi nalo lina mafuta, na nusu yake hufikia kalori 160 au zaidi, ila mafuta yake mengi ni ya aina isiyoudhuru moyo, na yanakuja pamoja na nyuzinyuzi na potasiamu. Aidha, mafuta hayo humsaidia mlaji kunyonya rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo karoti iliyokunwa ikikutana na parachichi ndani ya mkate mmoja, kila kimoja kinamfaa mwenzake. Mwenye ugonjwa sugu wa figo ndiye pekee ninayemwomba amuulize daktari wake kwanza kuhusu parachichi, kwa ajili ya potasiamu hiyo.

Swali: Nikiacha nyama ya nguruwe na kula salami ya ng'ombe au soseji ya kuku iliyo halali, si nimekwisha kuepukana na madhara?

Jibu: Uhalali ni jambo la dini na una nafasi yake, lakini hauigeuzi namna nyama ilivyotengenezwa. Nyama ya kusindikwa ni ile iliyokaushwa moshi, iliyotiwa chumvi nyingi au dawa za kuihifadhi isiharibike, iwe ni ya ng'ombe, kuku au mnyama mwingine. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama ya aina hiyo katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na likaeleza kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuielewe hesabu hiyo vizuri. Haina maana kuwa watu 18 katika kila 100 watapata saratani. Maana yake ni kuwa hatari ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali inapanda kwa kiasi hicho, na mazoea ya kila siku ndiyo yanayoipandisha, si kipande kimoja kilicholiwa siku ya sikukuu.

Penye kuku wa kuchoma aliyechambuliwa, yai la kuchemsha au falafeli za dengu, chagua hivyo kwa siku za kawaida. Dengu, kwa bahati nzuri, ndizo za bei nafuu katika maduka mengi, na madini yao ya chuma hunyonywa vizuri zaidi yakiandamana na vitamini C ya pilipili mboga, tungule au ndimu. Chai iliyokolea inayonywewa papo hapo hulipunguza faida hiyo. Ni afadhali ingoje saa moja.

Swali: Mboga mbichi ninazipenda, lakini ninaogopa kuharisha. Nifanyeje?

Jibu: Hofu hiyo ni ya haki, na sitaki kuipuuza. Tungule, tango, karoti, kabichi, saladi na pilipili mboga ndivyo vijazo bora kuliko vyote kwenye kaunta ile. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatuzifikii. Hata hivyo, mji wetu una mitaa ambayo maji ya bomba hayafiki kila siku, na biashara nyingi hutegemea visima, maboza na mitungi ya mikokoteni. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na jani la saladi lililosuuzwa kwa maji kama hayo huwa limebeba chafu hiyo mpaka mezani, kwa kuwa halipitii moto.

Basi uliza waziwazi, “Mboga mnaziosha kwa maji gani?” Muuzaji anayejali kazi yake atakujibu bila kukasirika kuwa ni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Siki au ndimu peke yake haiui vijidudu vyote, ingawa wengi wanaamini hivyo. Kisha vitazame vibakuli vyenyewe: majani yaliyonyong'onyea, vipande vya tango vilivyokauka kingo, au maji yaliyotuama chini ya tungule ni ishara kuwa vitu hivyo vimekatwa zamani. Ukiwa na shaka, omba vile vilivyopita motoni, kama biringani na pilipili mboga za kuchoma au vitunguu vya kukaanga, pamoja na parachichi linalopasuliwa mbele yako.

Jambo la joto lina uzito uleule. Chakula cha baridi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi na cha moto juu ya nyuzi 60, kwa kuwa baina ya hapo vijidudu huzaana haraka, na Mombasa wakati wa kaskazi mchana hupita nyuzi 30. Niliwahi kuondoka kwenye duka moja bila kununua kitu kwa sababu ya kibakuli cha kuku aliyechanganywa na mayonezi, kilichowekwa juu ya kaunta karibu na dirisha linalopigwa na jua, kijiko kimezama ndani mpaka mpini, na mayonezi ya pembeni imeanza kukauka na kugeuka manjano. Kilikuwa hakina harufu yoyote. Vijidudu vingi vinavyomlaza mtu havibadilishi harufu wala ladha, kwa hiyo pua isiwe ndiyo hakimu wako.

Swali: Muuzaji akivaa glavu, si inatosha?

Jibu: Haitoshi. Glavu iliyopokea noti, ikagusa simu ya malipo, kisha ikarudi kwenye mkate, ni chafu kama mkono usiooshwa. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayetia vijazo, au abadilishe glavu na kunawa kwa sabuni.

Swali: Nina kisukari. Nichague vijazo gani?

Jibu: Sukari ya sandwichi inatoka kwanza kwenye mkate, kwa hiyo omba mkate wa ngano isiyokobolewa na uchukue nusu badala ya mzima. Rangi ya kahawia peke yake si ushahidi. Tafuta punje na makapi ndani ya mkate wenyewe. Baada ya hapo jaza mboga nyingi na protini, kwani nyuzinyuzi na protini huipunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Epuka chipsi na viazi ndani ya mkate, desturi tuliyoizoea sana, kwa sababu huo ni wanga juu ya wanga. Angalia pia sosi tamu: kijiko kimoja cha chakula cha kechapu kina gramu 4 hivi za sukari, sawa na kijiko kimoja cha chai, na sosi ya haradali yenye asali au ya pilipili tamu haiko mbali na hapo. Unayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiruke mlo kwa kuogopa mkate. Panga kiasi pamoja na anayekutibu.

Swali: Mara moja nilikula sandwichi ya jodari, uso ukawa mwekundu na mwili ukawasha. Je, nina mzio wa samaki?

Jibu: Inawezekana, lakini kuna sababu nyingine ambayo watu wa pwani wanapaswa kuijua. Jodari, na samaki wengine wa jamii yake, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama yao, na histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa, kugandishwa wala kutiwa kwenye kopo. Mlaji huona uso kuwaka, kichwa kuuma na mwili kuwasha ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Ukihisi samaki anawasha ulimi kama pilipili ilhali hana pilipili, mwache. Pumzi ikibana au midomo na koo vikivimba, nenda hospitali mara moja bila kungoja kujua ni mzio au ni histamini.

Swali: Mke wangu ni mjamzito. Kuna vijazo vya kuepuka?

Jibu: Vipo. Nyama baridi za vipande, jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, na mayonezi ya kutengenezwa dukani kwa mayai mabichi aziache. Bakteria aitwaye listeria huweza kukua hata ndani ya friji, na kwa mjamzito anaweza kusababisha mimba kuharibika. Afrika Kusini, kati ya mwaka 2017 na 2018, mlipuko wa listeria uliotokana na poloni, soseji nene inayokatwa vipande na kuliwa baridi, uliwagusa zaidi ya watu 1,000 na kuua zaidi ya 200, na watoto wachanga walikuwa wengi miongoni mwa walioathirika. Akitamani nyama ya aina hiyo, ipashwe moto mpaka itoe mvuke. Papa pia amwepuke kwa ajili ya zebaki. Kuku aliyeiva vizuri na yai lililochemshwa mpaka kiini kigumu vinamfaa.

Swali: Katika Ramadhani ninanunua sandwichi usiku niile wakati wa daku. Ni sawa?

Jibu: Ni sawa ikikaa kwenye friji tangu ulipofika nyumbani. Usiweke soseji, achari wala zeituni, kwa kuwa chumvi itakutia kiu mchana kutwa; yai, tango na parachichi vitakushikilia vizuri zaidi.

Swali: Ninamfungia mtoto sandwichi ya shule asubuhi, naye huila saa sita. Nitie nini?

Jibu: Kutoka saa moja asubuhi hadi saa sita mchana ni saa tano ndani ya begi lenye joto, na chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kuku, samaki, yai na mayonezi vibaki nyumbani, isipokuwa kama una kikasha cha baridi chenye kipande cha barafu. Siagi ya karanga ni salama kwa muda huo, mradi mtoto hana mzio wa karanga na shule haijaikataza. Tango lifunge kando, zima na lenye maganda, liwe limeoshwa na kukaushwa, na umpe ndizi ambayo ataimenya mwenyewe. Kwa mdogo aliye chini ya miaka mitano, zeituni na zabibu nzima zikatwe vipande virefu ili zisimkabe.