Saini ya siku thelathini

Wengi wanaoniletea noti ya zamani niitathmini huanza na habari za aliyeisaini: kwamba hakukaa sana madarakani, na kwa hiyo noti hiyo haina budi kuwa adimu. Hoja hiyo inaingia akilini, lakini mara nyingi soko huikataa, na sijaona noti inayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko ile ya Joseph Barr.

Barr alikuwa Waziri wa Fedha wa Marekani kuanzia tarehe 21 Desemba 1968 hadi tarehe 20 Januari 1969, yaani takriban mwezi mmoja, na saini yake ilitokea kwenye noti za dola moja tu, za toleo la 1963B (mwaka huo ni wa muundo wa noti, si wa kuchapwa kwake). Watu walipoona ufupi wa kipindi hicho walizihifadhi noti hizo kwa wingi, wakitumaini kwamba siku moja zingewatajirisha. Walichosahau ni kwamba waziri anapoondoka ofisini, mabamba ya kuchapia yenye saini yake hubaki kiwandani. Uchapaji uliendelea kwa miezi kadhaa, zikatoka noti zaidi ya milioni 400, na kwa kuwa wengi walizitunza, hata zile safi zisizotumika bado zimejaa. Noti ya Barr iliyozunguka mikononi mwa watu haizidi sana dola moja iliyoandikwa juu yake.

Kwangu mimi, kazi kubwa ya saini ni kunisaidia kujua umri wa noti. Noti ya pauni moja ambayo Benki Kuu ya Uingereza ilianza kuitoa mwaka 1960 ilipita kwa watunza fedha wakuu wanne, O'Brien, Hollom, Fforde na Page, huku sura yake ikibaki ileile, na bila saini zao tungehangaika kuzipanga. Thamani ni suala jingine, linalotegemea ni ngapi zilichapwa, ni ngapi zimesalia na ziko katika hali gani.

Hata hivyo, zipo noti ambazo maandishi ya kalamu ndiyo yanayozipa bei. Mwaka 1861 Hazina ya Marekani ilitoa noti zilizosainiwa kwa mkono na makarani kwa niaba ya wakuu wao, na mwanzoni kila karani alilazimika kuandika pia maneno ya kuonyesha kwamba anasaini kwa niaba. Kazi hiyo ilichosha, maneno hayo yakaingizwa kwenye bamba, na zile chache za mwanzo zilizosalia leo hugombaniwa na wakusanyaji wenye uwezo mkubwa. (Ofisa wa siku hizi akiisaini noti kwa kalamu ili kumfurahisha mtu, thamani huongezeka pale tu uhalisi wa saini hiyo unapothibitishwa, vinginevyo ni noti iliyochorwachorwa.)

Mwenye noti ya Barr aitazame kwanza namba yake. Ikiwa mwishoni pana alama ya nyota badala ya herufi, basi ilichapwa kuziba nafasi ya noti iliyoharibika kiwandani, na hizo ni chache zaidi. Ila asiifue wala kuipiga pasi ili kuondoa mikunjo, kwa maana karatasi iliyopigwa pasi hupoteza uhai wake, na mnunuzi mzoefu huligundua hilo mara anapoishika.