Mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Sita: Yanayoaminiwa Tabora na Yaliyo Kweli

Mei ikikaribia, wanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hapa Tabora husaka pamfleti kuliko wanavyosaka vitabu vyenyewe vya fasihi. Wengi wana akili nzuri kabisa. Kinachowaangusha ni mambo waliyoyapokea kwa kaka na dada zao bila kuyahoji.

"Chagua kitabu kinene chenye Kiingereza kigumu, msahihishaji atakuheshimu."

Msahihishaji hapimi unene. *An Enemy of the People* ya Henrik Ibsen, ya mwaka 1882, ni tamthilia fupi, na Kiingereza chake ni tafsiri kutoka Kinorwei. Lakini imebeba hoja za kutosha kwa maswali mengi. Chagua kitabu unachoweza kukirudia mara tatu, si cha kutembea nacho kwapani.

"Ukijua hadithi yote, umejibu swali."

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, na inaniuma kila ninapoona hivyo. Tuseme umechagua tamthilia hiyo ya Ibsen, na swali linauliza mwandishi anaonyeshaje gharama ya kusema ukweli. Mwanafunzi anaanza: Dakta Stockmann aligundua kuwa maji ya bafu za tiba ni machafu, kaka yake Meya akakataa, watu wakafanya mkutano, wakamwita adui wa umma. Yote ni sahihi, ila ni masimulizi tu, na masimulizi anayajua hata msahihishaji.

Hoja ni kitu kingine. Sema hivi: ukweli unamponza Stockmann kwa sababu kipato cha mji mzima kinategemea uongo. Kisha thibitisha. Mhariri Hovstad alikuwa tayari kuchapisha makala ya daktari. Aligeuka pale Meya alipoeleza kwamba gharama za kurekebisha bafu zitawaangukia wananchi wenyewe. Tukio hilo moja, likielezwa vizuri, linazidi kurasa mbili za muhtasari.

Na kwa kuwa mara nyingi swali hutaka vitabu viwili, soma vitabu vinavyojibizana. Ukiweka Stockmann karibu na Odili wa *A Man of the People*, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1966, utaona tofauti nzito. Odili naye anapambana na mkubwa, Chifu Nanga, lakini hasira yake imechanganyika na kisasi cha kunyang'anywa mwanamke. Je, mpinzani wa ufisadi lazima awe msafi? Mwanafunzi anayejiuliza hivyo mwenyewe hahitaji dondoo za kukariri.

"Madesa, yaani muhtasari ulioandaliwa na wengine, yanatosha." Hayatoshi. Yanakupa maudhui yaleyale anayoandika kila mtu, na swali likigeuzwa kidogo huna pa kushika.

"Ukijadili kitabu kwa Kiswahili unaharibu Kiingereza chako."

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akarudi kufundisha shule ya St. Mary's baada ya masomo ya Makerere. Ndiye aliyetafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Kuielewa kazi kwa lugha yako hakukuzuii kuiandika kwa nyingine. Bisheni bwenini kwa Kiswahili, hata kwa Kinyamwezi, mpaka jambo lieleweke. Kisha kila mmoja aandike aya yake kwa Kiingereza, sentensi fupi, bila kusaka maneno ya kutisha.

"Ushairi ni wa wenye kipaji." Shairi ndiyo kazi fupi kuliko zote. Unaweza kulisoma mara kumi kabla ya chakula cha jioni, jambo usiloliweza kwa riwaya.

"Mazoezi ya kuandika ni ya mwezi wa mwisho."

Mkono nao unafundishwa. Tangu kidato cha tano, chukua swali moja la miaka iliyopita kila wiki. Gawanya saa tatu za mtihani kwa idadi ya maswali, uandike kwa muda huo tu, kitabu kikiwa kimefungwa. Mpe mwenzako akipigie mstari kila kipande ulichosimulia tu badala ya kujenga hoja, kisha kiandike upya.