Septiki "imejaa": kunyonya tangi la maji taka maana yake nini?

Ukimsikia mtu wa Utawala au Syokimau, mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, akisema "septiki imejaa, niitieni eksosta" (lori la kunyonya maji taka), ujue neno hilo "imejaa" linampotosha. Septiki inayofanya kazi vizuri huwa imejaa siku zote. Hujaa maji muda mfupi baada ya familia kuhamia, ikabaki hivyo: lita moja ikiingia kutoka chooni, lita moja hutoka upande wa pili. Maji hayana shida. Cha kuangaliwa ni tope.

Tangi la septiki ni mahali pa kutenganisha uchafu na maji. Mara nyingi huwa na vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa zaidi. Uchafu mzito hutuama chini ukawa tope, mafuta huelea juu yakafanya utando mzito, na katikati hubaki maji ya kijivu. Bakteria wasiohitaji hewa huliozesha tope polepole, ila hawalimalizi. Maji ya katikati ndiyo pekee yanayotakiwa kutoka, yakipitia bomba lenye umbo la herufi T hadi kwenye shimo la kufyonzea, lile ambalo mafundi huliita sokipiti. Kazi iliyobaki hufanywa na udongo.

Kunyonya, basi, ni kuondoa tope na utando kabla havijafika kwenye bomba hilo. Vikichukua theluthi moja ya tangi, wakati umefika. Wahandisi wengi hukadiria kwamba mtu mmoja huacha lita 40 hivi za tope kwa mwaka. Familia ya watu 5 itaacha lita 200, na kwa tangi la lita 3,000 theluthi hiyo itachukua miaka 5. Sasa ongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, wafike watu 20 wanaotumia tangi lilelile. Tope linakuwa lita 800 kwa mwaka, na ile miaka 5 inashuka hadi miezi 15. Ploti nyingi huku kwetu zimeongezewa ghorofa na hakuna aliyelikumbuka tangi.

Nyumbani tunapima kila Januari. Tunachukua ufito mrefu, tunauzungushia taulo jeupe kuukuu, tunaushusha taratibu hadi sakafu ya tangi na kusubiri dakika chache kabla ya kuutoa. Sehemu ya taulo iliyoganda weusi ndiyo tope. Juu yake kitambaa kimelowa tu. Mwaka huu weusi ulipita kidogo upana wa kiganja changu, kwa hiyo eksosta bado. Wakati wa kupima simama upande upepo unakotoka, na pasiwe na sigara wala moto karibu, kwa sababu gesi ya methani hushika moto.

Ukisubiri hadi choo kirudishe maji, umechelewa. Jirani yetu aliita lori mara tatu katika mwezi mmoja wa Aprili. Kila likiondoka, baada ya siku chache maji yalikuwa juu tena. Tope lililoachwa miaka mingi lilikuwa limevuka likaziba sokipiti, na huku Utawala udongo mweusi huvimba ukilowa mvua za Machi hadi Mei, ukawa haufyonzi tena. Hapo lori lilimpa nafuu ya siku chache tu. Ilibidi achimbe shimo jingine, gharama kubwa kuliko kunyonya kwa wakati.

Siku ya kunyonya, fungua vifuniko vya vyumba vyote viwili, utando uvunjwe, na tope la chini litoke, si maji ya juu peke yake. Usisugue kuta wala kumwaga Jik, dawa ya kuua viini, ndani; bakteria wanaobaki ndio wanaoanzisha kazi upya. Kama tangi ni la plastiki na ardhi imelowa, lijaze maji mara moja, maana likiwa tupu linaweza kuinuka na kukata mabomba.

Na tafadhali, mtu yeyote asiingie ndani, hata kwa dakika moja, hata tangi likionekana tupu. Gesi ya tangini iitwayo haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, kisha humwangusha mtu. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Familia zimepoteza watu wawili, watatu kwa namna hiyo. Mtu akianguka, ita waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.

Mwulize dereva leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na umwulize anakwenda kumwaga wapi. Mzigo huo unastahili kufika kwenye mtambo wa kusafisha maji taka, kama ule wa Ruai, au sehemu iliyotengwa kwenye mabomba ya maji taka ya jiji. Ukimwagwa usiku kwenye Mto Nairobi, unashuka hadi Athi, na huko kuna watu wanaomwagilia mboga tunazonunua sokoni.

Pedi, nepi na mafuta ya kukaangia visiingie chooni wala kwenye sinki. Tarehe ya kunyonya tunaiandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa sanduku la mita, ambako mpangaji yeyote anaweza kuiona.